Maili za Ndege: Tuchague kwa Hesabu



Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa vijana na wafanyabiashara wa mkoa wetu wa Singida, moja limekuwa likirudi mara kwa mara: je, mtu asafiriye kwenda ng'ambo ajiandikishe katika mpango wa maili wa shirika gani la ndege? Swali hili wazee wetu hawakulijua. Waliokwenda Hija kwa meli hawakuhesabiwa maili, wala waliopanda ndege za East African Airways, shirika lililoanza kazi mwaka 1946 na kufa mwaka 1977. Mipango ya namna hii ilienea duniani baada ya American Airlines ya Marekani kuanzisha wake mwaka 1981. Leo karibu kila shirika kubwa lishukalo nchini mwetu lina mpango wake, na watu wengi hujiandikisha kama waokotao embe chini ya mti, bila ya kuuliza.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Mpango wa maili ni ahadi ya muuzaji kwa mnunuzi. Unapewa nambari ya uanachama bila ya malipo. Kila usafiripo, shirika hukuandikia maili au pointi. Zikifika kiasi fulani, waweza kuzibadili ukapata tiketi au nafasi bora zaidi. Lakini aghalabu tiketi hiyo huwa si ya bure kabisa, kwani kodi na ada za viwanja hulipwa kwa fedha taslimu. Basi maili si mali mkononi, bali ni ahadi yenye masharti, na masharti huandikwa na yule aliyeahidi.

Jambo la kwanza la kutazama ni mlango utokao nao. Sisi wa Singida tuna milango miwili: Dar es Salaam, iliyo mbali nasi karibu kilomita 700, na Uwanja wa Kilimanjaro, ambao kwa njia ya Babati na Arusha hauzidi kilomita 400. Watu wa Manyoni wako karibu na Dodoma, na tangu mwaka 2024 waweza kupanda treni ya umeme hapo wakafika Dar es Salaam kwa saa chache. Lakini mtu wa Kiomboi au Mkalama huenda akaona Kilimanjaro ni nafuu kwake. Ethiopian, Qatar Airways, Turkish na KLM hutua katika viwanja vyote viwili. Emirates huondokea Dar es Salaam. Kuwa mwanachama wa shirika ambalo kila safari litakugharimu siku nzima ya basi na malazi ya njiani si faida, hata maili ziwe nyingi namna gani.

Jambo la pili ni undugu wa mashirika. Mashirika ya ndege yamejiunga katika jumuiya, na maili za mwenzi mmoja waweza kuziandikisha katika daftari la mwenziwe. Turkish aliingia Star Alliance mwaka 2008, na Ethiopian akafuata mwaka 2011. Kwa hiyo kijana wetu asomaye Istanbul, mwaka huu akipanda Turkish na mwaka ujao Ethiopian, hana haja ya kufungua hesabu mbili. Qatar Airways imo katika oneworld tangu mwaka 2013, na Oman Air imeingia humo mwaka 2025, habari njema kwa wenye jamaa Maskati. Kenya Airways, KLM na Saudia wamo katika SkyTeam. Emirates haimo katika jumuiya yoyote ya hizo, lakini tangu mwaka 2018 flydubai hutumia mpango ule ule wa Skywards. Mshika mbili, moja humponyoka. Na mwenye kadi tano zenye maili kidogo kidogo aghalabu hapati kitu katika hata moja.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa, ni muda. Maili hufa. Katika Skywards, maili hudumu miaka mitatu hivi, kisha zisipotumika huondolewa mwishoni mwa mwezi wa kuzaliwa kwa mwanachama. Pointi za Qatar Airways, ziitwazo Avios, hazifi maadamu mwanachama amezipata au kuzitumia angalau mara moja katika kila miezi 36. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini kwa nyumba isafiriyo mara moja katika miaka miwili ndiyo tofauti ya kupata na kukosa.

Sasa na tupige hesabu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme, kwa mfano tu, mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti huenda Dubai kununua vipuri vya mashine, na kila safari, kwenda na kurudi, humpa maili 3,000. Azma yake ni kumpeleka mama yake Umra kwa maili hizo, na tiketi ya Jiddah yataka maili 45,000. Hapo atahitaji safari 15. Maili zikiwa zafa baada ya miaka mitatu, yampasa asafiri mara 5 kila mwaka. Akisafiri mara 2, maili za mwanzo zitakufa kabla za mwisho hazijazaliwa, na mama ataendelea kungoja.

Tena, tuseme katika kila safari alikuwapo mchukuzi mwingine mwenye nauli pungufu kwa shilingi 150,000, naye akamwacha kwa kutamani maili. Kwa safari 15, amelipa zaidi shilingi 2,250,000. Kwa fedha hiyo yumkini angalimnunulia mama yake tiketi bila ya maili yoyote. Mama hazidi kuwa kijana, na Umra ya mzee haifai kungojea daftari la shirika la ndege. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: tazama nauli kwanza, na njia, na saa za kungojea, maili ziwe za mwisho. Anayesafiri mara chache na aweke akiba ya fedha, kwani haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha fedha hakina mwezi wa kufa.

Ama kwa yule asafiriye kweli mara nyingi, mpango mmoja uliochaguliwa vyema ni msaada. Na aangalie kwamba tiketi za bei ya chini huandikiwa maili chache, na tiketi za makundi, kama zile za misafara ya Umra, mara nyingine haziandikiwi kabisa. Aulize kabla ya kulipa. Jina la uanachama lifanane na la pasipoti. Ahifadhi kipande cha tiketi ya kuingilia ndegeni hata aone maili zimeandikwa. Nywila yake asimpe mtu, wala asinunue maili za mitaani, kwa kuwa mashirika aghalabu hukataza biashara hiyo na huweza kuifunga hesabu. Penye ruhusa ya kukusanya maili za nyumba nzima pamoja, kama ilivyo Skywards, baba, mama na watoto na wakusanye chungu kimoja.

Yabaki mambo mawili ya dini. Zawadi ya muuzaji kwa mnunuzi haina ubaya kwa asili yake. Lakini zipo kadi za mkopo za benki zitoazo maili kwa kila matumizi, na deni likichelewa huongezwa riba. Maili za mlango huo zisituhadae. La pili ni amana: atumwaye safari kwa tiketi ya mwajiri na amuulize mwajiri wake maili zile ni za nani. Asiyeuliza huenda akampeleka mama yake Umra kwa mali isiyo yake, na hilo hakuna mtoto mwema alitakaye.

Kijana wetu, usiseme, "Niende wapi nipate maili?" Sema, "Safari yangu ya lazima ni ipi, na ni nani atanifikisha kwa amani na kwa bei ya haki?" Jawabu hilo litakuchagulia mpango wenyewe.

Wabillahi tawfiq.