Jina libaki ku mulango wa shimo

Wazee wa Musoshi wangali wanakumbuka Wajapani waliokuja kuchimba shaba pale mu miaka ya 1970. Wengi wetu hatujui kama kwao pia kulikuwa shaba. Mu kisiwa cha Shikoku kulikuwa mugodi wa Besshi: ulifunguliwa 1691, ukafungwa 1973. Na mu muji wa ule mugodi, Niihama, kunapita njia ya watu wenye kwenda kuomba na miguu. Njo juu ya ile njia ninataka kusema leo.

Inazunguka kisiwa kizima, karibu kilometa 1.200, na iko na hekalu 88 za dini ya Buda. Mwenye kutembea anachukua siku 40 ao zaidi. Anafuata nyayo za Kukai, mwalimu wa dini aliyezaliwa mwaka 774. Siku hizi wengi wanapanda bisi, lakini wa miguu wangalipo.

Angalieni desturi zao. Musafiri anavaa nguo nyeupe, rangi wanayovika maiti kule: ni kusema anaondoka akijua anaweza kukosa kurudi. Anashika fimbo, na wanasema ile fimbo njo Kukai mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayetembea peke yake. Akifika mahali pa kulala, anaosha kwanza ncha ya fimbo, kisha miguu yake. Zamani, mutu akifia mu njia, fimbo yake ilisimamishwa juu ya kaburi.

Watu wa vijiji wanawapa wapitaji machungwa, chai, hata franka, na haifai kukataa. Anayepokea anatoa kikaratasi chenye jina lake na mahali anatoka. Kikaratasi kama kile anakiacha pia ku kila hekalu.

Siseme tuache kanisa zetu. Lakini kile kikaratasi kinanichoma moyo. Creuseur wetu naye anaondoka asubuhi akijua anaweza kukosa kurudi. Jina lake anaacha wapi? Udongo ukianguka, tunaanza kubishana: walikuwa kumi? Walikuwa makumi mbili? Mama anasimama pale na picha ya mutoto wake mu telefone, anauliza kila mutu. Na yule aliyetoka mbali, asiye na ndugu karibu, hata wa kumuulizia hakuna.

Ninaomba kitu kidogo: ku kila shimo, kaye moja na biki moja. Anayeshuka anaandikwa: jina, muji wake, namba ya telefone ya ndugu. Anayepanda anafutwa.

Najua mutajibu nini: «Kaye italeta polisi, italeta watu wa kampuni.» Ile woga iko ya kweli, siichekelee. Basi kaye isikae kwa chef wala kwa munegosia. Ikae kwa mama mwenye kuuza bukari pale juu, yule munayemukopa kila siku. Yeye anawajua tayari, na anahesabu sahani zake. Ahesabu na watu.

Kaye haitazuia udongo kuanguka. Lakini wenye kuchimbua watajua watafute wangapi, na ndugu watajua wamulilie nani. Hata mapema kesho, mbele ya kushuka, mutu aulize mwenzake: jina lako la kweli ni nani, na kwenu ni wapi?