Waraka ulikuwa hai, tukauua kwa skana

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, mnisamehe, kazi zilinizidi. Leo nimerudi na hasira. Na kabla hujadhani nimekuja kuilaumu serikali kama kawaida, hasira yenyewe inaanzia kwangu.

Miaka michache iliyopita niliitengenezea shule moja ya upili tovuti. Sitaitaja, na tafadhali msianze kubahatisha. Niliweka picha kubwa zinazopishana juu, salamu za mwalimu mkuu, wimbo wa shule, na ukurasa wa matangazo ambapo karani anapakia nyaraka za wazazi. Nikalipwa, nikashukuru, nikaitia katika orodha ya kazi ninazojivunia.

Mwezi uliopita simu ikalia. Nambari nisiyoijua.

"Kijana wangu, ni wewe uliyetengeneza tovuti ya shule ya binti yangu?"

"Ndiyo mzee, ni mimi."

"Vizuri. Mimi sioni. Tarakilishi yangu hunisomea. Gazeti hunisomea, barua hunisomea. Lakini nikifungua waraka wa karo kutoka kwenu inanyamaza kimya. Nilidhani imeharibika, nikaipeleka kwa fundi."

Haikuwa imeharibika. Mzee wa watu alilipa fundi kwa kosa langu.

Nikamuuliza sasa anafanyaje. Akasema binti yake ndiye humsomea, akiwa nyumbani. Hata ripoti ya matokeo anamsomea yeye mwenyewe. "Na huyo mtoto hajawahi kupata alama mbaya tangu aanze kunisomea," akasema, akacheka. Nami nikacheka kidogo. Kisha akaongeza kwamba binti akiwa shuleni humwita mtoto wa jirani, kwa hivyo deni lake la karo jirani hulijua kabla yake. Hapo sikucheka.

Unajua nambari yangu aliipata wapi? Chini kabisa ya ukurasa, kwenye mstari wa "Imetengenezwa na". Kati ya vyote nilivyoweka pale, mashine yake ilisoma tangazo langu bila shida. Karo ya mtoto wake haikuweza.

Jinsi waraka unavyouawa

Nilikwenda kuangalia. Karani anachapa waraka kwenye Word. Hadi hapo waraka uko hai: ni herufi, na kisoma skrini chochote kinaweza kuusoma. Anauchapisha kwenye karatasi. Mwalimu mkuu anatia sahihi na muhuri. Karani anauweka kwenye skana, unatoka PDF, anaupakia kwenye tovuti. Sasa waraka si maandishi tena. Ni picha ya karatasi. Wewe mwenye macho huoni tofauti. Asiyeona anafungua faili na kukuta ukurasa mtupu.

Siku hizi kuna njia fupi zaidi ya kuua. Mwalimu anaupiga picha ubao au karatasi ya mazoezi kwa simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kisoma skrini kinasema "picha". Basi. Mwanafunzi asiyeona aliye katika shule ya kawaida pamoja na wenzake anaambiwa kazi ya nyumbani ni "picha".

Naomba nieleweke: simlaumu karani. Hakuna aliyemfundisha. Mimi ndiye niliyempa kitufe cha "Pakia PDF" na kuondoka. Ningeweza kumpa pia kisanduku cha kubandika maandishi yaleyale aliyoyachapa. Yangekaa juu, na nakala yenye muhuri chini yake kwa anayeitaka. Hiyo ni kazi ya dakika 20. Sikuifanya kwa sababu haikunijia akilini kwamba kuna mzazi asiyeona.

"Lakini hatuna mwanafunzi kipofu"

Nimewauliza wenzangu wanaotengeneza tovuti za shule. Majibu yao ni matatu, na ya kwanza ni hilo. Hatuna mwanafunzi kipofu.

Kwanza, una uhakika? Ulemavu si kutoona kabisa pekee. Kuna mwanafunzi anayeona kwa shida na maandishi yako ya kijivu juu ya nyeupe hayaoni. Kuna asiyesikia, na video zako za masomo hazina hata mstari mmoja wa maandishi chini. Kuna ambaye mkono wake hauwezi kushika mausi, na menyu yako hufunguka tu mausi ikipita juu yake. Kuna mzazi, kuna bibi anayelea wajukuu, kuna mwalimu mwenyewe.

Pili, hesabu yako imekaa kinyume. Umejenga nyumba isiyo na mlango, kisha unasema hakuna haja ya mlango kwani hakuna anayeingia. Thika School for the Blind ilianzishwa 1946. Wanafunzi wasioona wamekuwa wakisoma na kufanya mitihani nchini hii tangu kabla wengi wetu tunaoandika kodi hatujazaliwa. Hawakuanza jana.

"Ni ghali"

Jibu la pili. Hili lina historia yake.

Mwaka 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alilalamika kwamba tovuti ya michezo ya Olimpiki ya Sydney haisomeki. Waandaaji walidai kuirekebisha kungegharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Wataalamu walioitwa kutoa ushahidi wakasema ni kazi ya wiki chache tu. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ikaamua Agosti 2000 kwamba Maguire amebaguliwa. Waandaaji hawakurekebisha yote, wakatozwa dola 20,000. Kikubwa alichokuwa akitaka? Maelezo kwenye picha, na njia ya kuzifikia kurasa za matokeo.

Ona tarehe tena. Mwongozo wa kwanza wa kimataifa wa kutengeneza kurasa zinazofikika, WCAG, ulitolewa Mei 1999. Toleo la 2.0 likaja Desemba 2008, na 2.2 Oktoba 2023. Ni robo karne sasa mambo haya yameandikwa, bure, kwa lugha ya mafundi. Na mzazi naye halazimiki kununua programu ya bei kali. NVDA, kisoma skrini cha bure, kilianzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia, mwenyewe haoni. Kwenye simu nyingi za Android kuna TalkBack tayari, na iPhone zote zina VoiceOver. Watumiaji wamejipanga kitambo. Sisi ndio tumechelewa.

Jambo moja kabla sijasahau. Utauziwa kibandiko cha mstari mmoja wa kodi, kitufe chenye kijikatuni cha mtu, eti kikikaa kwenye tovuti yako kila kitu kimerekebishwa. Usinunue. Januari 2025 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1 kwa madai ya aina hiyo hiyo. Kibandiko hakiwezi kujua kilichoandikwa katika waraka uliouskani upande.

"Mteja hakulipia hiyo"

Hili la tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu nimewahi kulisema.

Fundi akikujengea nyumba, unalipia mlango kando? Ukimuuliza mbona ngazi haina kishikio, akakujibu "hukuagiza," utamwita tena? Sisi hatumtozi mteja zaidi ili viungo vifanye kazi, wala hatuandiki kwenye ankara "herufi zinazosomeka: shilingi kadhaa". Ukurasa ambao baadhi ya watu hawawezi kuusoma una kosa. Ni hitilafu kama ile ya fomu isiyotuma. Tuache kuliita jambo la hisani. Sitaki kusikia mtu akisema "tuwasaidie ndugu zetu walemavu". Mzee yule hakuomba msaada. Alitaka kujua karo ni ngapi.

Na tusijidai hatujui sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Braille au njia nyingine inayomfaa ya mawasiliano, na haki ya kufikia taasisi za elimu. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 9 kinataja wazi habari, mawasiliano na intaneti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 imebadilishwa na mpya ya 2025. KEBS ina kiwango kamili cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, KS 2952, cha mwaka 2022. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni fundi anayezisoma, na bodi ya shule inayomuuliza fundi kabla ya kumlipa.

Cha kufanya wiki hii

Haya, kelele tosha. Kazi yenyewe ni hii:

1. Maandishi yabaki maandishi. Waraka, ratiba, karo, orodha ya vitu vya kuja navyo: bandika kwenye ukurasa. PDF ikilazimu, itoe moja kwa moja kutoka Word, yenye vichwa vilivyowekwa kwa mtindo wa vichwa, si kwa kukoleza wino tu. Sahihi ibaki kwenye nakala ya pili.

2. Kila picha yenye maana ipewe alt. Na isiwe "picha" au "IMG_0032". Katika mazoezi ya Bayolojia, "mchoro wa moyo" hausaidii mtu. Eleza kile swali linachohitaji: mshipa ulio na herufi A unatoka chumba gani na unaelekea wapi. Ikiwa picha ni pambo tu, acha alt ikiwa tupu, kisoma skrini kitaipita.

3. Taja lugha ya ukurasa. Hili wengi hatulijui. Tunachukua kiolezo cha WordPress kilichoandikwa lang="en-US", tunaandika Kiswahili ndani, na mashine inatii: inasoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza. Jaribu kusikiliza "wazazi wote wanaombwa kuhudhuria" kwa matamshi ya Mwamerika. Utacheka, halafu utaona aibu. Weka lang="sw". Sauti ya Kiswahili ipo, NVDA huja nayo ndani ya eSpeak. Ukurasa ukichanganya lugha mbili, taja lugha ya kila sehemu.

4. Kila kisanduku cha fomu kiwe na label yake. Bila hiyo mzazi anasikia "andika, andika, andika" bila kujua pa kutia jina la mtoto na pa kutia kiasi cha pesa. Na zile herufi zilizopindwa za kuthibitisha wewe si roboti, zitoe. Zinamfukuza mtu zaidi ya roboti.

5. Rangi. Maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa angalau 4.5 kwa 1. Na usionyeshe waliofaulu kwa kijani na walioanguka kwa nyekundu bila neno lolote.

6. Video iwe na maandishi chini, na uyapitie mwenyewe. Yale yanayojiandika huharibu majina na maneno ya somo, yaani yale hasa ambayo mwanafunzi anayahitaji.

Kisha jipime. Weka mausi kando, zunguka tovuti yako yote kwa Tab na Enter tu. Ukikwama, kuna mtu anakwama pale kila siku. Halafu washa TalkBack kwenye simu yako, funga macho, tafuta karo ya muhula. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kilalie dakika tano tu.

Mimi nilifanya hivyo kwenye tovuti niliyokuwa nikijivunia. Dakika ya kwanza nilisikia majina ya picha tisa. Sikufika kwenye karo.

Nimeirekebisha, siku mbili na nusu, bila malipo kwa sababu deni lilikuwa langu. Karani nilimfundisha kubandika maandishi kwa muda wa chai moja. Akaniuliza, "Kumbe ni hivi tu? Mbona hukuniambia mapema?" Sikuwa na jibu.

Nikampigia mzee. Akafungua ukurasa nikiwa kwenye simu, nikaisikia mashine yake ikisoma kwa kasi ambayo mimi siwezi kuifuata. Ikafika kwenye karo. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema:

"Kumbe imepanda."

Hakushukuru, na sikutarajia. Alikuwa mzazi aliyekasirishwa na karo, kama wazazi wengine wote.

Sasa wewe unayesoma hii na una tovuti ya shule uliyoitengeneza: ifungue leo, funga macho, kisha uje hapa chini uniambie ulifika wapi. Wa kunirushia mawe pia karibuni, ila jaribuni kwanza.