Fungu la Pangani na saa ya kurudi

Likizo ya Desemba inapokaribia, familia nyingi za hapa kwetu Kimara huanza kuulizana ziende wapi. Sisi tulio mwisho wa njia ya mwendokasi, huku juu vilimani, bahari hatuioni kila siku. Kwa hiyo tunapoifikia huidhania kuwa bustani iliyofunguliwa kwa ajili yetu, nasi ndio wa kuamua saa ya kuondoka. Kosa hilo tulilifanya Pangani, na tumeona tuliandike kabla wenzetu hawajalipa nauli ya mashua.

Mto Pangani, unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, huingia baharini baina ya mji wa Pangani na Bweni. Mkondo ukikutana na bahari hupungua nguvu, na mchanga uliokuja nao hutua. Hapo hujengeka fungu mbele ya mlango. Fungu hilo halitulii mahali pamoja, hasa baada ya masika, na nahodha mwenye akili hapiti leo kwa kumbukumbu ya mwaka jana. Wimbi la bahari kuu likifika juu ya fungu hukosa kina, huinuka na kuvunjika. Maji yakiwa yanajaa, mkondo na wimbi huelekea upande mmoja, na kina huongezeka kila dakika. Yakianza kukupwa, mto hutoka kwa kasi kuukabili upepo wa baharini; wimbi husimama wima, na chombo kikigeuzwa ubavu hupinduka. Mlango uliokuwa shwari saa tisa huweza kuwa unachemka saa kumi na moja.

Jambo hili halihitaji kitabu kwa mtu anayeufuata mwezi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na maji mafu huja katikati yake. Mwenye kufunga siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15, akimaliza saumu yake ajue bamvua iko mlangoni. Katika pwani yetu, siku hizo maji hujaa kabisa yapata saa kumi, alasiri na alfajiri, na hukupwa kabisa yapata saa nne. Kila siku inayofuata saa hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Tofauti ya kujaa na kukupwa huzidi mita 3, nacho ni kimo cha kumfunika mtu mzima na mwanawe mabegani.

Tulikuwa tarehe 16 ya mwezi. Nahodha alitutoa mtoni saa mbili asubuhi, umande ukivuma kidogo na bahari imelala, akatupeleka Maziwe. Kisiwa hicho zamani kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga katika hifadhi ya bahari, na bamvua ikijaa hufunikwa chote, hata mayai ya kasa. Alituambia tangu asubuhi kwamba saa nane tuwe njiani. Adhuhuri na alasiri tulizijumuisha pale mchangani kama wasafiri, kwa hiyo sala haikuwa na lawama katika kuchelewa kwetu. Lawama ilikuwa ya pomboo. Walitokea tulipong'oa nanga, watoto wakapiga kelele, na sisi watu wazima tukamsihi nahodha awafuate kidogo, kisha kidogo tena. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu tukamkumbusha kwamba mashua tumeikodi siku nzima. Maneno hayo tunayaonea haya hadi leo.

Tulifika mbele ya mto saa kumi na moja u nusu, kaskazi imeshika. Kwa macho yetu hapakuwa na jambo kubwa: tuliona migongo ya mawimbi ikiteleza kuelekea pwani. Anayetazama kutoka baharini huona migongo tu. Povu na kishindo viko upande wa pili. Nahodha alipunguza mashine, akatazama kwa muda mrefu bila kusema, akihesabu mawimbi. Kisha akageuza chombo kuelekea kusini.

Mmoja wetu, mtu mzima mwenye watoto watatu chomboni, alikasirika. Kivuko cha Bweni kinaonekana pale, alisema, chakula kimeagizwa, kwa nini tuzungushwe? Nahodha alimjibu kwa upole, "Mzee wangu, kuingia naweza kujaribu mara moja tu. Nikikosea, sitarudi nyuma nijaribu tena." Akaamuru jaketi okozi zifungwe upya, watoto wakae chini katikati, asisimame mtu. Tukashuka na upepo hadi ufuko wa Ushongo, tukafika magharibi imekwisha ingia, tumelowa, na mtoto mmoja amelala kwa kutapika. Kutoka hapo tulitafuta gari hadi Bweni, kisha tukasubiri kivuko.

Usiku ule palikuwa na mjadala wa malipo. Yule mwenzetu alishikilia kwamba hatukufikishwa tulikoahidiwa, basi nauli ipunguzwe. Wake zetu ndio waliokata shauri: pesa italipwa yote, na petroli ya Ushongo juu yake. Tulimpelekea asubuhi.

Atakayekwenda na aulize kwanza tarehe ya mwezi, ndipo aulize bei. Asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi, aulize chombo kimekaguliwa na TASAC kubeba watu wangapi, na jaketi ya mtoto aione ikimtosha mtoto mwenyewe kabla hawajapanda. Na saa ya kurudi akubaliane na nahodha wakiwa bado nchi kavu, mbele ya watoto, ili pomboo wakitokea pasiwe na wa kumsihi.