Vyuo vya Garissa vinapangiwa na nani?

Ukitoka Mombasa kwa basi, ukapita Malindi, Garsen, Hola na Bura, unafika Madogo. Mbele yako ni daraja la mto Tana, na ng'ambo yake ni Garissa mjini. Nyuma yako ni Kaunti ya Tana River, yaani Pwani yetu. Mbele panaitwa Kaskazini Mashariki. Lakini kijana wa Madogo akitafuta chuo cha karibu hashuki hadi Kilifi. Anavuka daraja. Ndiyo maana nikiandika leo juu ya vyuo vya Garissa sijioni kama naingilia nyumba ya jirani.

Chuo Kikuu cha Garissa hakikuzaliwa chuo kikuu. Majengo yale yalikuwa ya chuo cha ualimu. Mwaka 2011 pakafanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi, wakati Serikali ikigeuza vyuo vya kati huku na huku. Upepo huo sisi tunaujua. Taasisi ya Kilimo ya Kilifi iligeuzwa mwaka 2007, leo ni Chuo Kikuu cha Pwani. Mombasa Polytechnic, iliyotokana na MIOME ya wazee wetu, nayo ikafuata njia hiyo mwaka huohuo, na 2013 ikawa TUM. Tulishangilia. Mimi pia nilishangilia. Ni kweli stashahada hazikufutwa, ila hadhi yote ilihamia kwenye digrii, na wachache waliuliza fundi wa mashine na bwana shamba wa kesho watatoka wapi.

Garissa swali hilo lilikuwa zito zaidi, kwa sababu hitaji kubwa la eneo lile lilikuwa walimu.

Kisha ikaja Aprili 2, 2015. Watu 148 waliuawa, 142 kati yao wanafunzi. Chuo kikafungwa, wanafunzi wakahamishiwa Eldoret, na Januari 2016 milango ikafunguliwa tena. Mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kuwarudisha watoto wa watu mahali kama pale si kazi ndogo, na nisemayo hapa chini hayaipunguzii heshima.

Lakini angalia yaliyokuwa yakitokea nje ya ua wa chuo. Novemba 2014 basi lilishambuliwa Mandera, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo walimu waliokuwa wakienda likizo. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. TSC ikawahamisha walimu wasio wenyeji, na shule nyingi zikabaki na walimu wa kuhesabu kwa vidole. Kila mtu akasema dawa ni mwalimu mwenyeji. Sawa. Lakini mwaka uliofuata cheti cha P1 kilikuwa kimeondolewa, stashahada imechukua nafasi yake, na mlango wa kuingilia umewekewa alama ya C ya kidato cha nne. Mtoto aliyesoma bila mwalimu wa hesabu ndiye anayetakiwa alete alama ya kumfanya awe mwalimu wa hesabu. Sibezi ubora. Nauliza tu nani alikaa chini akaupigia hesabu mzunguko huo kabla ya kutia sahihi.

Upepo mwingine ulielekea kwenye ufundi. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ilipitishwa 2013, na baadaye karo ya vyuo hivyo ikawekwa shilingi 56,420 kwa mwaka, Serikali ikimlipia kila mwanafunzi 30,000. Vyuo kama North Eastern National Polytechnic, pale pale Garissa, vikaweza kupanga kwa hesabu inayojulikana. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili: msaada, mkopo na mchango wa familia, kwa kupima uwezo wa kila nyumba. Sasa pima nyumba ya mfugaji. Mwaka 2020 alikuwa na ng'ombe arobaini. Baada ya misimu mitano bila mvua ana wanne. Ni tajiri wa fomu ipi? Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba, Serikali ikakata rufaa. Mwezi uliofuata Msimamizi wa Bajeti akazitaka kaunti ziwe na makubaliano na Serikali Kuu kabla ya kutoa basari, na magavana wakaenda mahakamani.

Mkuu wa chuo aandike nini katika mpango wake wa miaka mitano?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoitupia Nairobi lawama yote. Sera zitabadilika tena, hilo halina shaka. Kuna mambo lakini hayabadiliki kwa waraka wa waziri. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki. Mtambo wa umeme wa jua uliozinduliwa Desemba 2019 una zaidi ya megawati 50, na paneli zake hazitaacha kuhitaji mafundi. Barabara ya Lamu, Ijara hadi Garissa ipo katika mradi wa LAPSSET. Na Machi 2025 ulizinduliwa Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzifanya kambi za Dadaab kuwa miji ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule na hospitali pamoja. Mji unataka fundi bomba, muuguzi, daktari wa mifugo, mwalimu. Hayo yanapangika hata kama karo haijulikani.

Kizuizi ni kwamba bodi za vyuo vya ufundi huteuliwa na waziri, na huko mashinani kiti hujadiliwa kwanza kwa ukoo, halafu kwa sifa. Tusicheke; sisi Pwani tuna neno letu, "mwenzetu", na linafanya kazi ileile.

Jambo moja limesogea. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kuondoa msasa wa ziada uliokuwa ukiwakwamisha vijana wa mipakani kupata kitambulisho. Watu wetu wa Lamu wanajua maana yake. Bila kadi ile huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, na fomu ya mkopo inabaki tupu. Kama tangazo hilo litafuatwa ofisini kama lilivyotamkwa jukwaani, waombaji wataongezeka, na vyuo vinapaswa kuwa na vitanda na walimu wa kuwapokea.

Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Ningependa viongozi wa TUM, Chuo Kikuu cha Pwani na vyuo vya Garissa wakae siku mbili waamue nani atafunza nini kati ya bandari ile na daraja la Tana, ili vyuo vitatu visifungue kozi ileile ya biashara. Kikao hicho hakihitaji sheria mpya. Kinahitaji nauli, na mabasi yanaondoka kila siku.