Uwongo wa Kazi ya Moyo

Ami yangu, mtu wa Unguja mwenye elimu na staha, aliponiuliza kwa simu mwaka 2019 ni kazi gani hasa niifanyayo Uingereza, nami nikamjibu kwamba natunza wazee katika nyumba wanamokaa, alinyamaza kitambo, kisha akanena kwa upole wa mtu anayemtuliza mfiwa: "Si haba, mwanangu. Hiyo ni kazi ya thawabu; haitaki kisomo, yataka moyo tu." Sikumjibu, kwa kuwa si adabu kumbishia mkubwa, na kwa kuwa mimi mwenyewe siku zile niliyasadiki nusu ya maneno yake. Ikaja korona, ikaniondolea ile nusu. Tangu hapo naona kwamba maneno hayo, ambayo ami aliyasema kwa mapenzi, ambayo barazani husemwa kwa kebehi ya kuwa fulani amekwenda Ulaya kubeba maboksi na kuosha vikongwe, na ambayo serikali ya Uingereza iliyaandika kwa lugha kavu ya kiofisi, ni uwongo mmoja uliobadili kanzu mara tatu, na uwongo huo umezika watu.

Tuianze kanzu ya kiofisi, maana hiyo ndiyo yenye tarehe. Mnamo 19 Februari 2020 serikali hiyo ilitangaza utaratibu mpya wa kuwapima wahamiaji kwa pointi, ambamo mtunza wazee alihesabiwa miongoni mwa watu wasio na ujuzi, wasiostahili kufunguliwa mlango. Na siku sita baadaye mamlaka ya afya ya umma ikatoa mwongozo uliozituliza nyumba za wazee kwamba uwezekano wa aliyemo humo kuambukizwa ni mdogo mno. Sioni ajabu nyaraka mbili hizi kuzaliwa katika juma moja, kwani kazi ikishahukumiwa kuwa haina ujuzi, hapana tena haja ya kumwuliza aifanyaye anaona nini. Mwongozo uliondolewa 13 Machi. Siku nne baadaye hospitali ziliamriwa kupata vitanda hadi 15,000 kwa kuwatoa haraka wagonjwa waliodhaniwa kuwa wanaweza kuondoka. Na baina ya 17 Machi na 15 Aprili watu wapatao 25,000 wakahamishwa kutoka hospitali hadi nyumba za wazee, pasi na sharti la kupimwa kwanza. Ilipita miaka 2 ndipo Mahakama Kuu mjini London, tarehe 27 Aprili 2022, ikahukumu kuwa siasa ile ilivunja sheria, kwa sababu haikuitia maanani hatari ya mtu asiye na dalili yoyote kuwaambukiza wenziwe.

Hatari hiyo sisi wa zamu ya usiku tuliijua kabla ya majaji, wala hatukuijua kwa moyo.

Mgonjwa wetu wa kwanza hakukohoa. Alikuwa ajuza wa miaka tisini na kitu, mchache wa maneno, ambaye kila usiku saa tatu hunywa chai vikombe viwili, na cha pili hukitaka kiwe na sukari kuliko cha kwanza. Usiku ule alikunywa nusu kikombe, akakisukuma kando, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Hana homa, hana kikohozi, hana mafua. Na lau ningalikwenda kwa karatasi ya dalili iliyobandikwa ukutani, ningalimzimia taa na kumtakia usiku mwema. Nilimwendea muuguzi, tukambana kidoleni kile kidude cha kupimia oksijeni, nacho kikatuonyesha tarakimu iliyomfanya muuguzi akipanguse na kukibana upya, akidhani kimeharibika. Kijana, korona humbishia hodi kwa homa. Mzee mkongwe humjia kwa mlango wa uani, kwa kukataa chakula, kwa kuanguka, kwa kuchanganyikiwa ghafula, na haionekani iingiavyo ila na mtu aliyeshika hesabu ya vikombe vya chai. Nani atakayeniambia kwamba hesabu ile ni huruma? Huruma ingalimfunika blanketi.

Kisha ikaja amri ya kumtenga kila mmoja chumbani mwake siku 14. Amri ni nyepesi kwa anayeiandika. Katika ujia wetu alikuwamo shaibu mmoja aliyekuwa dereva wa basi katika ujana wake, ambaye akili yake ilikwisha kumwacha siku nyingi lakini miguu yake haikumwacha, naye kila ifikapo saa nane za usiku huamka, akavaa koti, akatoka kulitafuta basi lake. Kumfungia mlango kwa ufunguo ni ukatili, na sheria ya huko haikubali mtu anyimwe uhuru wake hivi hivi. Kumwacha azurure ni kumpeleka kwa wenziwe ishirini mlango kwa mlango. Mwenzangu mmoja, mwanamke wa Zimbabwe aliyeifanya kazi hii miaka kumi na tano, ndiye aliyetegua kitendawili kile: aliweka kiti kizito dirishani mwa mzee, akakielekeza barabarani, akaketi kando yake na kumwambia kwamba abiria bado hawajakamilika, basi haliwezi kuondoka. Mzee alikubali, kwa kuwa dereva mwenye idili haondoki na basi tupu. Usiku mwingine hila hii haikufaa, ikabidi itafutwe nyingine, na haya yote hufanywa na mtu aliyeziba pua na kinywa mbele ya mzee asiyesikia vizuri, ambaye maisha yake yote alizoea kuisoma midomo ya asemaye naye. Tulijifunza kusimama penye mwanga, kuishusha sauti badala ya kuipandisha, na kubandika juu ya aproni picha za nyuso zetu zikicheka, ili wajue ni nani anayewajia.

Na hizo barakoa zenyewe na aproni, ambazo mtazamaji hudhani ni nguo tu, zina tartibu yake kama udhu. Kuvua huanza glavu, ukasafisha mikono, ikafuata aproni, kisha kinga ya macho, ukasafisha mikono tena, na barakoa ikawa ya mwisho. Anayeitanguliza barakoa kwa sababu amechoka na uso unamwasha, amejipaka usoni kile alichokuwa akikikimbia. Tofauti ni kwamba aliyekosea tartibu ya udhu hurudia, na huku hapana kurudia. Ifanye kazi hiyo mara thelathini katika usiku mmoja, na ya mwisho uifanye saa kumi za alfajiri, wakati ambapo mikono imechubuka kwa sabuni na akili iko kitandani.

Kuanzia 26 Machi, kila Alhamisi saa mbili za usiku, kwa muda wa majuma kumi, watu wa Uingereza walisimama milangoni mwao wakatupigia makofi na kugonga masufuria. Sina bughudha nao. Jirani zetu walilia machozi ya kweli. Walakini makofi yale ndiyo kanzu iliyo nzuri kuliko zote za uwongo ninaoushitaki, kwani alhali tunaitwa mashujaa na malaika, ujira wa chini wa kisheria ambao wengi wetu tuliukaribia ulikuwa pauni 8.72 kwa saa, na aliyeugua akalala nyumbani alistahiki kwa sheria pauni 95.85 kwa juma zima. Malaika hali wala halipi kodi ya nyumba. Mwenzangu mwenye watoto watatu, koo lilipoanza kumkereketa, alikuwa na moyo wa kutosha kumpa kila mzee wa nyumba ile. Alichokosa ni fedha za kukaa kitako siku saba. Hayo si maneno ya mnung'unikaji mmoja. Uchunguzi uitwao Vivaldi, uliofanywa katika maelfu ya nyumba za wazee za England na kutangazwa Julai 2020, ulionyesha kuwa nyumba zilizowalipa mishahara wafanyakazi wao wakati wa ugonjwa zilikuwa na maambukizi machache zaidi miongoni mwa wazee wenyewe. Na Marekani, katika mji wa Kirkland, ambako kufikia Machi mwaka ule watu 167 walikuwa wameambukizwa kutokana na nyumba moja, waliochunguza walikuta watumishi waliofanya kazi wakiwa na dalili, na waliozunguka nyumba zaidi ya moja ili kupata riziki.

Hapa najua nitajibiwa na watu wetu kwamba haya ni taabu za Wazungu wanaowatupa wazazi wao, na kwamba kwetu mzee hutunzwa nyumbani na wala hatujasikia aliyepelekwa chuo kujifunza kumlisha mamake uji. Jibu hili nalipenda, kwa sababu linajikata mguu lenyewe. Kwanza, Unguja ina nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na wanaokaa humo hawakushuka kutoka mwezini. La pili ndilo zito zaidi. Bibi yangu alipolala kitandani miaka miwili bila kuinuka, hakupata kidonda hata kimoja mgongoni, na majirani walimsifu dada yangu mkubwa kwa imani yake. Imani alikuwa nayo. Lakini kilichouhifadhi mgongo wa bibi ni kwamba dada alimgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, akamwekea mto baina ya magoti, akazinyosha shuka zisiwe na kunyanzi, akaitazama ngozi ya visigino kila asubuhi kama sonara atazamavyo dhahabu. Alijifunza kwa mama, naye mama kwa mamake. Ni elimu iliyopokezanwa na wanawake kwa vizazi, na kwa kuwa ni ya wanawake na haina cheti, tuliipa jina la moyo ili tusiilipe. Uingereza haikuwazulia watu wake uwongo mgeni. Ni huu huu wa kwetu, uliopigwa muhuri.

Wala sisemi kwamba moyo hauna kazi. Nimemwona mtunzaji stadi asiye na huruma, na ningependa Mungu aniepushe na mikono yake nitakapozeeka. Ila rubani naye hutakiwa awe na moyo, na mpasuaji, na mwalimu, na bado hapana aliyewahi kumwambia rubani kwamba kazi yake haitaki kisomo.

Baina ya 2 Machi na 12 Juni 2020, England na Wales, wakazi 19,394 wa nyumba za wazee walikufa kwa kifo ambacho cheti chake kinaitaja korona. Na hesabu zilizotolewa Mei mwaka ule zilionyesha kuwa watunzaji nao walikufa kwa kadiri ya maradufu ya watu wengine wa umri wao. Waliobaki walichoka, wengi wakaondoka, na hapo ule ujuzi uliokuwa haupo ukagunduliwa ghafula: Februari 2022 mlango ukafunguliwa, watunza wazee wakaitwa kutoka nchi za mbali; Machi 2024 wakakatazwa kuja na wake, waume na watoto wao; Julai 2025 mlango ukafungwa kwa walio nje. Mikono ni ile ile na kazi ni ile ile, ila ujuzi huonekana na kutoweka kama mwezi wa Idi, kwa kadiri ya anayeutazama na haja yake.

Dereva wetu wa basi alifariki Aprili ya mwaka ule wa makofi, alfajiri, kabla ya zamu kubadilika.

Na ami yangu alinipigia simu Februari 2021, mwezi aliofariki Maalim Seif, kiongozi wetu wa siasa Zanzibar, usiku wa manane kwa saa za Unguja. Mkewe alikuwa na homa na pumzi fupi, na wanawe walikuwa Oman. Aliniuliza amlaze vipi, ampe maji kiasi gani kwa saa, aitazame rangi ya kucha au ya midomo, aingie chumbani amevaa nini, na atokapo aanze kuvua kipi. Nilimweleza kwa muda wa takriban dakika arobaini, naye alikuwa akiandika, nilisikia kalamu. Nilipomaliza aliniomba tuanze tena pale kwenye glavu, polepole, maana hapo alikuwa amepitwa.