Majivu Hayawaki

Juzi nimekaa kwenye benchi la gereji nikisubiri bushi za mbele, fundi akachomoza kichwa chini ya gari akanihutubia: "Mzee wangu, gari linalotembea kwa maji lipo siku nyingi. Wenye mafuta wamelificha." Wateja watatu wakaitikia kama wako ibadani. Mimi nilikuwa nimeshalipa, nikanyamaza. Hapa sinyamazi.

Maji ni majivu. Haidrojeni ikiungua, kinachobaki ni maji. Kuyarudisha yawe haidrojeni kunadai nguvu nyingi kuliko utakayoivuna ukiiunguza tena, na hesabu hiyo haibembelezeki. Mama ntilie anazoa majivu jikoni kila asubuhi. Hata siku moja hajayarudisha akangoja maharage yaive.

"Mbona Stanley Meyer walimuua?" Meyer, yule Mmarekani wa Ohio aliyedai gari lake linatembea kwa maji, alifariki ghafla mwaka 1998. Wasichokisema ni kwamba mwaka 1996 mahakama ya huko huko ilimkuta amewatapeli wawekezaji wawili, ikamwamuru awarudishie dola 25,000. Mwingine akaniambia: wangesema wengi kama si kweli? Wengi pia husema umeme utarudi baada ya dakika kumi.

Nina uchungu wangu, nakiri. Zamani nilinunua Kariakoo "kifaa cha kupunguza mafuta": kopo la plastiki, waya mbili, vipande vya bati, maji yaliyotiwa magadi. Wiki ya tatu betri ikafa. Mafuta nilinunua yale yale, ila gari zima lilinuka kama sufuria ya kande. Kopo mke wangu anawekea vibanio vya nguo, na kila akianika hunikumbusha.

Mwenye pesa hahangaiki na kisichowaka. Anachokizuia ni kile kinachofanya kazi, na hukizuia mezani, kwa saini na kumbukumbu za kikao. Miaka ya 1920 Osram, Philips na wenzao waliunda umoja wao, Phoebus, wakakubaliana balbu iwake saa 1,000 basi, wakati nyingine zilikuwa zikifika 1,500 na zaidi. Kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita hapo ilitozwa faini. Faini kwa kutengeneza kitu kizuri! Kenya nako, M-Pesa ilianza mwaka 2007. Mabenki yalianza kulalamika serikalini ilipokwisha kuvuta wateja kwa mamilioni. Kabla ya hapo, nani angepoteza nauli kwenda kuishitaki?

Lakini hadithi za balbu hazina msisimko gerejini. Hazina muuaji. Watu wanataka siri, na wenye faini zao wanapita mlango wa mbele, hakuna anayewatazama.

Nilipofika nyumbani gari bado linagonga. Nikainama na tochi. Bushi zilikuwa zile zile zangu, zimeoshwa kwa petroli.