Umbo la Maji na Lugha ya Shule

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakitoshi kufundishia kemia. Hoja hiyo naipeleka Mkuyuni, katika milima ya Uluguru, ikapimwe kwa kitu kilichoko huko: maji.

Oksijeni ina elektroni 8: 2 katika ganda la ndani, 6 katika ganda la nje. Mbili katika hizo sita hushirikiana na hidrojeni mbili. Nne hubaki jozi mbili zisizo na mshirika. Jozi zote husukumana, maana chaji za namna moja hazipatani, na molekuli hupinda, ikafanya pembe ya nyuzi 104.5. Kwa kupinda huko hupata upande hasi na upande chanya, na molekuli hushikana. Laiti ingalinyooka kama ile ya kaboni dioksidi, maji yangalikuwa hewa tu, wala Mto Ruvu usingalishuka kutoka milima hiyo kuinywesha Dar es Salaam. Na amonia je? Hidrojeni tatu ni mafiga, naitrojeni ni chungu. Mpishi yeyote analijua umbo hilo.

Ni neno gani hapo lililotushinda? Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990. Elimu ya msingi yatolewa kwa Kiswahili tangu 1967. Mtoto afikapo sekondari hukaririshwa 2:8:8 kwa Kiingereza kama talasimu, kisha huambiwa hana akili ya sayansi! Watajibu kwamba vitabu vya juu ni vya Kiingereza. Ndivyo, basi na afundishwe Kiingereza barabara, katika kipindi cha Kiingereza.